Tandiko la Povu

Tarehe 4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Wifi. Mimi ni mzima, ila mikono imechoka kama ya mtu aliyefulia mtaa mzima. Kwa kweli kazi yangu siku hizi haina tofauti kubwa na ufuaji. Kutwa niko kwenye povu.

Uliniuliza tunatengeneza nini hasa katika hii karakana ya majaribio, nikakujibu ovyo kwa sababu simu ilikuwa inakatika. Acha leo nikueleze vizuri. Tunachukua nyuzi za mimea, za vigogo vya migomba na za katani, tunazikata na kuzitia kwenye pipa lenye maji na sabuni kidogo. Mashine inakoroga kwa kasi mpaka maji yote yanageuka povu zito, jeupe, kama ute wa mayai uliopigwa. Kazi ya povu ni kuzibeba nyuzi. Ndani ya maji matupu nyuzi hushikana zikawa mabonge. Ndani ya povu kila unyuzi unakaa kwenye viputo vyake, haugombani na jirani. Tunamimina kwenye kalibu yenye wavu chini. Maji yanachuruzika, povu linakufa taratibu, nyuzi zinabaki zimesimama pale pale zilipokuwa. Tukikausha tunapata kitu chepesi kama mkate ulioumuka. Tunataka kiwe tandiko la mgonjwa anayelala kitandani muda mrefu, ambalo muuguzi atalinyanyua kwa mkono mmoja, na likichakaa lizikwe liwe mbolea.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Inavyotokea ni kwamba kipande kikizidi unene wa vidole viwili, kinadidimia katikati kikikauka. Jana nimetoa kimoja kwenye kikaushio kimebonyea kama sahani. Mkuu wetu, mama mmoja mrefu tunayemwita Bi Mizani kwa sababu hawezi kupita karibu na kitu asikipime, alikipima halafu akaniambia, "Binti, mwisho wa Aprili wakubwa wanakuja. Kama bado tunawaonyesha sahani, kazi hii inafungwa." Tuko sita hapa, Kaka. Mimi ndiye mdogo, na mimi ndiye niliyekabidhiwa povu.

Sikuandikii ili unisaidie. Nimekuandikia kwa sababu leo nilipokuwa nakata katani nilisikia harufu yake, nikaliona banda lako. Wewe unafumua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kwa ajili ya magodoro ya watu, na mimi niko juu ya rundo, mkaguzi wa magodoro mwenye umri wa miaka sita, mshahara wangu ni kuruhusiwa kuruka. Baba na Mama walipotuacha, ulinilea kwa banda hilo. Sidhani kama nimewahi kukushukuru ipasavyo. Nashukuru, Kaka.

Mbona simu yako hupokei?

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 17 Februari

Kitinda,

Salamu zimefika. Shukrani pia zimefika, ingawa umezileta kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Sijafa. Simu imekufa kipaza sauti, nasikia ila mimi sisikiki. Fundi simu anasema kesho, na kesho ya fundi simu unaijua. Wewe andika. Mimi barua nazipenda, kwa sababu kwenye barua huwezi kunikatiza.

Sasa kuhusu sahani yako. Nimesoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea wifi yako kwa sauti, naye hata sindano hakuiweka chini, akasema, "Huyu mtoto analaza nyuzi zilizonyooka." Yeye kazi yake ni kushona vitambaa vya juu, lakini ukikaa na fundi, ufundi hunusi tu, unauonja.

Hivi ulipokuwa unaruka juu ya rundo langu, hukuwahi kujiuliza kwa nini nasokota usumba kuwa kamba, halafu naifumua kamba ile ile? Wateja walidhani nina wazimu: mtu anajenga na kubomoa. Sikiliza. Unyuzi ulionyooka ukichoka hulala, na ukishalala haunyanyuki. Lakini ukiusokota ungali mbichi, ukauchemsha ukiwa kamba, ukauacha ukauke hivyo hivyo, siku ukiufumua unakuta umejikunja kama nywele za mtoto mchanga. Ukandamize, utarudi. Mkunjo ukishapikwa hausahau. Hiyo ndiyo springi ya sisi tusio na chuma.

Katani yako ni ngumu kama usumba, itakubali. Nyuzi ndefu zikunje ndizo zibebe, fupi za mgomba ziache zijaze. Na usiamini macho. Godoro huulizwa mgongo.

Nimekutumia kilo mbili za usumba nilioufumua mwenyewe. Usiumwage wote kwenye pipa siku ya kwanza kwa furaha, nakujua.

Hapa kazi ni kama kawaida.

Kaka yako


Tarehe 11 Machi

Kaka,

Limesimama!

Ngoja nianze mwanzo. Siku ya kwanza nilimwaga nusu ya kifurushi kwa furaha. Ndiyo, najua, ulisema. Nyuzi zako zikajizungusha kwenye pangaboi la mashine kama nywele kwenye kitana, ikabidi nizime mitambo na kukata kwa kisu, na Bi Mizani amesimama nyuma yangu anahesabu dakika. Siku ya pili nikabadilisha utaratibu. Nikapiga povu kwanza mpaka likawa zito, ndipo nikapunguza mwendo, nikatia nyuzi kidogo kidogo kama mtu anayetia unga kwenye maji ya moto. Zikaingia bila ugomvi. Nikamimina unene wa vidole vitano. Maji yakachuruzika, povu likashuka, nikaweka kwenye kikaushio, nikaenda kukaa uani kwa sababu sikuweza kutazama.

Kilipotoka kilikuwa bapa kama meza. Katikati na pembeni sawa. Bi Mizani alikipima pande zote nne, akarudia. Halafu, Kaka, akakiweka sakafuni na kukikalia, na koti lake jeupe, kama anayesubiri gari kituoni. Akakaa robo saa. Aliponyanyuka, kikanyanyuka naye.

"Hili la kukunja nyuzi umelisoma wapi?" akaniuliza.

"Kwa kaka yangu."

"Na yeye amesomea wapi?"

"Bandani."

Hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake: bandani.

Tumeanza kusokota katani yetu wenyewe na kuichemsha. Bado mikono yetu ni mizito, mimi hasa. Lakini kazi haitafungwa bila mapambano, na hilo ni kwa sababu yako.

Nimepiga simu ya Wifi mara nne nikuambie kwa mdomo. Mara ya kwanza umetoka kidogo. Mara ya pili uko sokoni. Mara ya tatu na ya nne, sokoni. Kaka, tangu lini ukapenda soko namna hiyo?

Kitinda wako


Tarehe 28 Machi

Kitinda,

Ukiona mwandiko huu mzuri usishangae, ni wa wifi yako. Nimejikata kidole kwa mkasi, si jambo kubwa, mimi nasema yeye anaandika.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Mwambie huyo mama mkuu wako kuwa robo saa si kipimo, godoro lala nalo wiki.

Soko lina mambo mengi siku hizi.

Kula vizuri.

Kaka yako
(na mimi Wifi nakusalimu, tuko salama)


Tarehe 16 Aprili

Kaka yangu,

Barua yako ilikuwa fupi kuliko kivuli cha saa sita. Nimeisoma mpaka imechakaa nikitafuta kosa langu, na nadhani nimelipata.

Wiki iliyopita tumetengeneza matandiko kumi na mawili. Yamekwenda hospitali ya rufaa, kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua, kwa kuwa hao hulala wameinuliwa na migongo yao huumia. Watayajaribu mwezi mmoja, kisha wauguzi watajaza fomu. Nilipokuwa nayapakia garini dereva akasema, "Hii mashine itawamaliza mafundi magodoro wote." Alisema kwa utani. Mimi nilibaki nimesimama na tandiko mikononi.

Sikuwa nimefikiria hilo, Kaka, naapa. Nilikuwa nahangaika na sahani yangu tu. Wewe ukanipa siri ya mikono yako ya miaka thelathini na moja, mimi nikaipeleka kwenye pipa linalotoa matandiko kumi na mawili kwa wiki, halafu nikakuandikia kwa mbwembwe kuwa limesimama. Kama umenyamaza kwa sababu hiyo, una haki. Nilichukua bila kuomba. Nisamehe, na niambie nifanye nini. Kama utasema niache, nitaacha.

Kitinda


Tarehe 29 Aprili

Mdogo wangu,

Leo naandika mwenyewe. Kama mistari inapanda na kushuka ni meza, haijakaa sawa.

Nani kakuambia nimekasirika? Dereva wa gari ndiye anayekusomea moyo wangu sasa? Sikiliza vizuri, maana jambo hili nitalisema mara moja.

Nilianza kazi hii nikiwa na miaka kumi na minane. Wateja wameniuliza kila kitu: bei gani, lini litakuwa tayari, mbona jana ulisema leo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini nyuzi zinakunjwa. Mtu ananunua usingizi, haulizi umetengenezwaje. Nikafika mahali nikaamini kuwa ninachokijua si kitu, ni mazoea tu ya mikono, na siku mikono ikikoma nacho kitakoma. Halafu ikaja barua yako. Hukuuliza, ni kweli, lakini ulinieleza shida yako kinaganaga, kama unavyomweleza mtu mwenye akili. Nikajua jibu. Unajua raha ya kujua jibu? Nilitembea ndani ya nyumba siku nzima natabasamu mpaka wifi yako akaniuliza kama nimepata homa.

Hukuchukua kitu. Nilikuwa nimebeba mzigo nisioujua nampa nani, ukapita wewe.

Kwa hiyo usiache. Ukiacha ndipo nitakasirika.

Siku hizi nina muda mwingi wa kuwaza, ndiyo maana nimeandika maneno mengi. Matandiko hayo yatafaa, nina hakika. Usiniulize kwa nini nina hakika.

Kaka yako


Tarehe 13 Mei

Kaka,

Wakubwa walikuja, wakabonyeza, wakakalia, wakatuongezea mwaka mzima. Hiyo ilikuwa habari yangu kubwa mpaka jana saa nne asubuhi.

Jana zimefika fomu kumi na mbili kutoka hospitalini. Bi Mizani alitukusanya mezani akaanza kusoma. Kitanda cha kwanza: laini, mgonjwa ameridhika. Kitanda cha tano: jepesi, muuguzi ameridhika. Wa saba anasema mgongo umeacha kuwaka. Tukashangilia. Kisha akashika fomu moja, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kitanda namba kumi na moja," akasoma. "Muuguzi ameandika: mgonjwa alikataa kusema lolote, na alipoanza hakunyamaza. Nanukuu. Upande wa kichwa, kazi safi. Upande wa miguu nyuzi zimefumuliwa kwa haraka, kuna vifundo viwili. Aliyefumua alikuwa na njaa. Msiyaamini macho, godoro huulizwa mgongo."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mimi niliichukua fomu, nikausoma tena ule mstari wa mgongo.

Kaka, upande wa miguu wa tandiko lile nilifumua mimi. Ilikuwa karibu na saa ya chakula.

Uko wodini tangu lini? Kipaza sauti cha simu hakikuharibika, sivyo? Ulikuwa hutaki nisikie unavyokohoa. Na kidole, na soko, na meza ambayo haijakaa sawa. Mimi huku nakuandikia kuwa umenuna.

Barua hii nampa dereva, gari linakwenda hospitalini leo. Mimi nakuja Ijumaa kwa basi la kwanza. Usijaribu kuruhusiwa kabla ya Ijumaa.

Kitinda


Tarehe 14 Mei

Wifi yangu,

Kaka yako amesoma barua yako, ameigeukia dari, hataki kuongea. Acha mimi niseme, kwa kuwa mimi ndiye niliyekudanganya kwenye simu kwa mdomo wangu.

Kikohozi kilianza mwaka jana. Kwanza cha asubuhi, halafu cha kutwa. Mwezi wa kumi na mbili daktari alipiga picha ya kifua akasema ni vumbi la nyuzi, lile la miaka yote, limeingia likakaa. Akamwambia, "Ukirudi kwenye banda hilo, sitakuwa na la kukusaidia." Tangu hapo hajashona godoro hata moja. Tunaishi kwa cherehani yangu, na tunaishi vizuri, usiwe na wasiwasi.

Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, tumwambie Kitinda. Akasema ukijua utaacha kazi uje kumuuguza, na kwamba hakukulea ili uje kushika beseni lake. Ndio ubishi wake, unaujua.

Barua yako ya sahani ilipofika, alibadilika. Nikamwona anatafuta ufunguo wa banda. Nilimkataza. Akaniambia, "Hata hili?" Nikashindwa. Alitoa usumba nje, akakaa mlangoni upepo unapopita, kitambaa puani, akafumua kidogo, anapumzika, anafumua tena. Zile kilo mbili ni kazi yake ya asubuhi moja, Wifi. Zilimchukua siku tisa. Lakini siku hizo tisa alikuwa anapiga mluzi.

Alizidiwa katikati ya Machi, tukaletwa hapa. Nimemuuliza daktari kama ni usumba ule, kwa sababu nilijua na wewe utauliza. Amesema hapana, ni wa miaka thelathini, usijibebeshe.

Siku matandiko yenu yalipoletwa, muuguzi alimtandikia bila kujua chochote. Kaka yako alilala, akapenyeza mkono chini ya shuka akapapasa. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, njoo ushike. Huyu ni Kitinda." Akalia, kisha akatafuta kasoro mpaka akazipata.

Njoo. Nitakupokea getini.

Wifi yako


Tarehe 20 Juni

Kitinda,

Niko nyumbani wiki ya pili. Natembea kutoka kitandani hadi getini na kupumzika mara moja tu njiani.

Bado nacheka nikikumbuka ulivyoingia wodini. Wagonjwa wote wamegeuka kutazama msichana mwenye koti la kazi lililokauka povu mikononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimepanga na maneno. Wewe hukusalimu. Ulikuja moja kwa moja miguuni pa kitanda, ukainua shuka, ukapapasa tandiko. "Kweli," ukasema, "vifundo viwili. Nilikuwa na njaa." Halafu ndipo ukalia, na maneno niliyopanga sikuyahitaji.

Nilikosea kukuficha. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuacha ujishitaki kwa kosa ambalo halipo. Nimekoma.

Daktari amesema kifua hiki hakitarudi kuwa kipya. Kitatulia nisipokichokoza. Banda nimelifunga na ufunguo nimempa wifi yako. Sitakudanganya kuwa ni rahisi. Asubuhi mikono inaamka kabla yangu, inatafuta kitu cha kushika. Juzi nimefumua kamba ya kuanikia nguo bila kujijua, nguo zikaanguka.

Lakini niko hai, nakula, nalala kwenye tandiko la wodini, muuguzi mkuu alinipa niondoke nalo. Alisema, "Chukua mzee, tumechoka kusikia habari za vifundo." Waambie wenzako asante. Mwambie na yule mama aliyeandika "bandani" kwenye daftari.

Kaka yako


Tarehe 9 Julai

Kaka,

Soma hii ukiwa umekaa.

Tangu nirudi kutoka kwako nimekuwa nikiwaza jambo moja. Vumbi linatoka wakati wa kufumua, kwa kuwa kamba inafumuliwa ikiwa kavu. Sasa wewe mwenyewe ulisema mkunjo ukishapikwa hausahau. Nikajiuliza: hausahau hata ukilowa tena? Nikachukua kamba ya katani iliyochemshwa na kukauka, nikaikatakata, nikaizamisha kwenye beseni la maji ya sabuni, nikafumulia humo humo ndani ya maji. Nyuzi zikaachana laini, na zilipotoka zilikuwa bado zimejikunja. Zimelegea kidogo, si sana. Nimefanya mara ishirini. Bi Mizani amepima mara ishirini. Hewani hakuna vumbi hata la kupiga chafya.

Alipomaliza kupima akaniuliza, "Kaka yako bado anabishana?" Nikasema bado. Akasema, "Mikono yenu hapa haijui kusokota. Kamba zenu nyingine zimekaza, nyingine zimelegea, ndiyo maana tandiko moja ni mawe na jingine ni sufi. Namtaka yeye."

Anataka kuweka karakana ndogo huko kwenu: mabeseni, sufuria ya kuchemshia, pipa moja la povu na kikaushio. Nyuzi mbichi zitaletwa zimelowa, zitasokotwa zimelowa, na zitafumuliwa ndani ya maji. Kamba zikikauka, zinakauka zikiwa kamba, hazigusi hewa zikiwa vumbi. Utafundisha watu watatu. Mwezi wa kwanza atakuja mtu na kifaa cha kupima hewa, na daktari wako atakusikiliza kifua kila wiki mbili. Kifua kikikataa, tunafunga siku hiyo hiyo, bila mjadala. Hilo ni sharti langu na Wifi amekubali, nimeshaongea naye, kwa hiyo usianze.

Najua utadhani ni huruma. Ungemjua Bi Mizani usingedhani. Yule mama haonei huruma hata rula.

Kaka, nilipokuwa mdogo ulinipa kazi ya ukaguzi ili nisijione mzigo. Niliigundua hila hiyo nikiwa mtu mzima, na ninakushukuru kwayo. Hii si hila. Tunakuhitaji.

Kitinda


Tarehe 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya cha wiki tatu. Safari hii ni kimya cha kweli, nilikuwa na kazi.

Kipande chetu cha kwanza kilitoka kama kofia. Cha pili kikang'ang'ania wavu, tukakibandua vipande vipande. Wifi yako alisema kofia tumepata, sasa tushone na shati. Tulikuwa tunamimina povu likiwa changa. Sasa nalisubiri mpaka kijiko kisimame chenyewe. Juzi tumetoa matandiko manane yaliyo sawa, na leo asubuhi muuguzi mkuu amekuja mwenyewe kuyachukua. Alinyanyua mawili kila mkono, akaniangalia, akasema, "Vifundo?" Nikamwambia tafuta. Alipapasa yote manane, miguu na kichwa. Akaondoka hajapata.

Daktari ananisikiliza kila wiki mbili kama ulivyoamuru. Hajasema nimepona na hatasema. Amesema kifua hakijasogea, kiko pale pale, na kwa kifua kama changu hiyo ni habari njema. Wifi yako alipika kana kwamba tumepata mtoto. Naketi kwenye kiti kirefu, mikono imezama kwenye maji ya uvuguvugu hadi kwenye kiwiko, nafumua bila kuona, kwa vidole tu. Sikujua kazi hii inaweza kufanywa kwa kupumua. Kumbe miaka yote nilikuwa nikizuia pumzi.

Wanafunzi wangu ni wanawake watatu. Mmoja alikuwa mshona viatu, mmoja alikuwa anauza mboga, na wa tatu ni mnyamavu, sikujua alikuwa anafanya nini, na kwa wiki mbili nilidhani hanipendi. Wa kwanza anasokota vizuri kuliko mimi, lakini hilo bado sijamwambia.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kukushukuru ambayo haitanifanya nionekane nimekuja msibani, kama nilivyokutania wewe. Sijaipata. Basi pokea hivyo hivyo: asante, Kitinda. Kwa kifua, na kwa mikono.

Halafu kuna jambo. Jana yule mnyamavu aliinua kichwa kutoka kwenye pipa, povu limempanda mpaka shavuni, akasema, "Fundi, mbona povu la asubuhi linadumu kuliko la mchana?"

Zamani ningetunga jibu, unanijua. Nikamwambia, "Hilo sijui. Ila nina mdogo wangu anayejua." Akafuta mikono, akatoa daftari kwenye mkoba wake, kumbe anaandika kila kitu, akaacha mstari mmoja mtupu wa jibu lako.

Tuandikie. Tunasubiri wote wanne.

Kaka yako